Viatu vya Risasi

Hapana, Atu, hakunilazimisha mtu. Jana uliponiuliza nilicheka, ukakasirika, ukafunga zipu ya begi kwa nguvu mpaka ikaachia. Sikucheka kwa dharau, mwanangu. Swali lako lilinikuta ndani ya furaha ambayo hata mimi sijui niifiche wapi. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, nimeolewa hii ni wiki ya tano, na bado nikisikia hatua za Lameki kwenye changarawe pale nje natafuta kioo! Asubuhi za hapa Soweto, Mbeya, unazijua zilivyo na baridi. Yeye huamka kwanza, anawasha jiko, anakishika kitenge changu juu ya moto mpaka kipate joto, ndipo ananiamsha. Ananiachia vikaratasi kwenye droo ya cherehani. Juzi kimoja kiliandikwa, "Sekela, nimetoka bila kukuangalia vya kutosha." Nilikisoma nikakaa chini kama msichana wa kidato cha pili.

Halafu ukasema lile neno. "Mama, unalala na mtu aliyemuua baba." Ukasema tena, taratibu, bila hata kunitazama, "Kesho asinisindikize. Akitokea stendi, napanda gari bila kukuaga hata wewe."

Tangu hapo nina ganzi. Sijui niieleze vipi. Umewahi kulalia mkono usiku mzima ukaamka unauona uko pale, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine? Leo niko hivyo, mwili mzima. Nimemenya viazi, nimepika, nimezipiga pasi sare zako zote mbili, na sikumbuki nikifanya. Nimeziona tu zimekunjwa.

Sasa ni alasiri. Wewe umekwenda Uyole kumuaga bibi yako, Lameki yuko kibandani kwake anatengeneza mizani ya watu, nami nimekaa mezani na daftari. Sitakuandikia habari za chandarua wala maji ya kuchemsha. Umesomea kazi ya wanyamapori miaka miwili, na joto la Rujewa unakokwenda kazini utalijua kuliko mama yako aliyezoea ukungu. Nataka kukuandikia kuhusu risasi. Huko kazini utapewa za kiwandani, zimefungwa kwenye boksi, na hutachagua kitu. Mimi nilichagua. Hilo ndilo hujui.

Unakumbuka bunduki ya baba yako, ile aliyorithi kwa babu yako, yenye leseni iliyokuwa inakaa ndani ya Biblia. Pale Kalenga nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi, watu walikuja kwetu. Bunduki ilikuwa ya zamani, risasi zake za dukani zikawa hazipatikani. Ndipo baba yako akaambiwa kuna fundi mmoja Iringa mjini, ametoka Mbeya, ana kibali cha kutengeneza bunduki, na anajua kuyeyusha madini ya risasi na kuyaumba kwa kalibu. Tulikwenda pamoja. Ndiyo siku ya kwanza nilimwona Lameki, na sikumwona kabisa, nilikuwa na njaa na natazama saa.

Aliweka risasi mbili mezani. Moja ilikuwa na kitako bapa, madini matupu kutoka juu hadi chini. Nyingine kitako chake kilikuwa kimefanywa chembamba, na juu ya ule wembamba imevishwa kikombe kidogo cha shaba, kinang'aa.

"Hii tunaiita peku," akasema, "na hii imevaa kiatu."

Baba yako akacheka. "Fundi, sasa risasi inavaa kiatu, inakwenda kanisani?"

"Inakwenda mbio, mzee. Wewe ukikimbia peku kwenye changarawe, si unaacha ngozi ya mguu? Na risasi ni laini kuliko mguu wako. Ukiisukuma kwa baruti kali ikiwa peku, inaacha ngozi yake ndani ya mtutu. Ya pili inapita juu ya ngozi ya mwenzake. Ya tatu haijui hata inakoenda."

"Basi peku ni mbovu, itupe."

"Si mbovu. Peku ni ya kutembea. Baruti kidogo, mnyama awe karibu, itafika vizuri na hutahangaika kutafuta shaba. Ya kiatu ni ya kukimbia. Kila moja na kalibu yake, kila moja na kipimo chake cha baruti." Kisha akachukua ya tatu, ile yenye kitako chembamba, lakini haikuwa na shaba. "Tatizo ni hii. Imezaliwa ili ivae kiatu, halafu ukaiacha bila. Hii si peku wala si ya kiatu. Moto unapita pembeni yake, unaila. Usiifunge hii hata siku moja."

Alisema hivyo akiniangalia mimi. Alikuwa ameshaona jinsi baba yako alivyoishika ile risasi mbali na uso, kama mtu anayesoma gazeti la jirani. Macho yake ya karibu yalikuwa yamekwisha, na miwani hakutaka kuisikia. Nyati angemwona ng'ambo ya mto, lakini sindano hakuiona mkononi mwake.

Kwa hiyo kazi ikawa yangu. Wewe ulikuwa bweni, na ukija likizo vifaa vyote vilikuwa chini ya kitanda, kwa sababu Lameki alisema moshi wa risasi si wa kuvuta mtoto. Watu wa Kalenga nao hawakujua. Baba yako aliona haya wanaume wenzake wakinywa ulanzi wamwambie mke wake ndiye anamtengenezea risasi. Walipomuuliza alisema, "Za fundi wa mjini." Mimi sikuona ubaya. Kazi hii niliifanyia uani, nyuma ya banda la kuku, na ukweli ni kwamba niliipenda. Vile vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu, kutoka gereji, vinayeyuka, juu panatanda ngozi kama ya maziwa, unaiondoa, chini panang'aa. Unamimina kwenye kalibu, unasubiri, unafungua, kitu kimezaliwa. Nilikuwa mtu wa cherehani tangu nimalize kidato cha nne, na mikono yangu ilipenda vitu vidogo vinavyotaka usahihi. Nilizivisha viatu, nikaweka baruti kwa kipimo alichotuandikia fundi, nikazikaza kwenye maganda. Na kumbuka hili, Atu: ukishaikaza risasi kwenye ganda, kitako chake hukioni tena. Kwa nje peku na ya kiatu na ile ya tatu zote ni sawa.

Viatu vilikuwa adimu. Lameki aliviagiza mbali, vikija vilikaa kwenye kopo la peremende, na baba yako akasema vitumike kwa nguruwe tu, si kwa mazoezi.

Halafu ikaja kipaimara chako.

Wewe ndiye uliniambia, umesimama mlangoni na begi la shule bado mgongoni: "Mama, wenzangu wote wana vifungo vya dhahabu kwenye kola." Nilizunguka maduka yote ya Iringa mjini. Vilikuwepo vya plastiki vilivyopakwa rangi, ukikwaruza kwa kucha vinakuwa vyeupe. Nilirudi nyumbani, nikafungua kopo la peremende. Nilivitoboa kwa msumari mwembamba, kimoja kimoja, nikavishona kuzunguka kola yako yote na mikono miwili. Kopo likabaki tupu. Jumapili ile jua lilipita dirishani kanisani likakupiga shingoni, ukawaka. Mama mchungaji alinivuta pembeni.

"Mama Atu, vifungo hivyo umevitoa wapi, Dar?"

"Siri ya fundi," nikamwambia, na nikajiona mjanja sana.

Baba yako hakuvitambua. Alikuona unang'aa tu, akafuta macho.

Siku nne baadaye nguruwe waliingia kwenye shamba la mama Lunyamila, yule mjane aliyekuwa jirani yetu upande wa mto. Walifagia mistari kumi. Baba yako akaniambia mchana, "Nitengenezee za kiatu, nitawasubiri jioni pale kwenye kichuguu." Nikamjibu sawa.

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka uone mahali penyewe, kwa sababu kosa halikuwa vifungo. Nilikuwa na kalibu ya peku. Ilikuwa sahihi, safi, ipo kwenye mfuko. Ningeweza kuumba peku, nikaweka baruti kidogo, nikamwambia, "Baba Atu, leo ni za peku, sogea karibu zaidi." Angeniuliza viatu viko wapi. Ningesema viko kwenye gauni la mtoto. Angenisema, pengine siku mbili. Halafu angecheka, unamjua. Angekwenda kuwasimulia watu wote kwamba binti yake amebarikiwa akiwa amevaa risasi.

Sikutaka kusemwa. Basi. Hakuna sababu nyingine kubwa zaidi, nimeitafuta miaka mitano. Nilikuwa na risasi sita za kalibu ya kiatu tayari zimeumbwa, vitako vyembamba, zinasubiri shaba. Nikazikaza vile vile, na baruti yake yote ya kukimbia. Nilijiambia ni nguruwe tu, na wiki ijayo fundi ataleta viatu vingine. Nikamkabidhi mkononi. Akanishukuru. Alikuwa ananishukuru kila mara, kama nimempikia.

Mengine unayajua, lakini uliyasikia kwa watu. Ya kwanza ilikwenda upande, ikampiga dume kwenye paja la nyuma. Dume likageuka, likamjia. Ya pili na ya tatu hazikupiga kitu, na baba yako hakuwa mtu wa kukosa. Mama Lunyamila ndiye alikuja kuniita. Sikukimbia. Watu walisema nilitembea kama naenda kisimani. Kijana wa bodaboda alikuwa ameshampakia katikati, mtu mwingine nyuma anamshikilia, na kanga imefungwa kwenye paja lake lililochanwa na meno ya dume, imeloa damu yote. Alifika Iringa amekufa. Sikulia njiani, sikulia hospitali. Watu walisema mama Atu ana moyo wa chuma. Ilikuwa hii hii ganzi ya leo.

Wanaume walimuua yule nguruwe kesho yake, wakaitoa ile risasi pajani. Baba yako mdogo Zakayo akaishika mbele ya waombolezaji wote, akasema, "Angalieni uchafu huu! Hii ndiyo risasi ya yule Mnyakyusa wa mjini. Ndugu yangu ameuawa na fundi." Nawe ulikuwa umekaa mkekani, mita mbili kutoka kwangu, umejiegemeza kwa shangazi yako. Ukauliza, "Fundi gani?" Wakakwambia jina.

Na mimi nilikuwa pale, Atu. Mdomo ulikuwa wangu. Nilikuangalia, nikaona bado umevaa lile gauni, kwa sababu ndilo lilikuwa jipya. Nikasema moyoni, nikifungua mdomo sasa hivi, mtoto huyu atajua amevaa nini. Nikaufunga. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na nusu yake ni kweli. Nusu nyingine nilikuwa naogopa Zakayo na ukoo mzima. Niliruhusu jina la mtu mwingine libebe lawama, kwa kuwa alikuwa mgeni, hayupo pale kujitetea.

Walikwenda kibandani kwake wakamtupia ile risasi mezani. Wateja wakaisha. Baada ya miezi michache alifunga akarudi Mbeya. Nami mwaka uliofuata nikarudi huku kwetu, na lile gauni nililizika Kalenga, sikukupa sababu, ukanilaumu kwamba nimelipoteza. Sikulipoteza.

Nilimkuta Lameki hapa Soweto, kwa bahati tu. Mkasi wangu ulikuwa umekufa, nikaambiwa kuna mtu ananoa vizuri karibu na soko. Nikainama kuingia, akainua uso. Nilitaka kukimbia. Yeye akasema, "Karibu, mama Atu. Lete huo mkasi." Akanoa, akanipa kipande cha kitambaa nijaribu. Ulikata kama maji. Nikasema asante, nikaondoka. Wiki iliyofuata nikarudi na mkasi ambao haukuwa na tatizo lolote.

Ilinichukua mwaka mzima wa kunoa mikasi mizima, Atu! Alikuwa anajua. Ananoa tu. Siku moja mvua ilitufungia mle kibandani, nikamwambia. Nilimwambia kama ninavyokuandikia wewe sasa, bila kulia, macho kwenye sakafu.

Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilipotupiwa ile risasi nilitazama kitako. Chembamba, hakina kiatu, kimeliwa na moto upande mmoja. Mimi sikuwahi kumpa mzee kitu kama kile, na mzee hakuwa na macho ya kuikaza mwenyewe. Nilijua ni mkono wa nani siku ile ile."

"Na hukusema!"

"Ningemwambia nani? Zakayo? Wewe ulikuwa na mtoto wa kulea katikati ya ukoo ule. Mimi nina koleo na tupa, naweza kufanya kazi popote."

Akaendelea kupanga misumari yake. Ndiyo siku nilipompenda, na sikupenda kidogo. Nisamehe ninavyokuandikia hivi, wewe ni mtoto wangu, lakini kesho unakwenda kuishi na watu wazima na ninataka ujue kwamba mama yako hakuolewa kwa kuhurumiwa, wala kwa njaa. Niliolewa na mtu aliyeshika kosa langu miaka yote mkononi mwake, akaweza kunipiga nalo wakati wowote, akaliweka chini. Nikimtazama anakula ugali nafurahi. Nikisikia anakohoa uani nafurahi. Na ndani ya furaha hii hii, kila ulipokuja likizo hapa, hata kabla hatujaoana, ukapita mbele yake bila salamu, ukasogeza sahani yako mbali na ya kwake, nimekaa kimya. Yeye amekubali. Jana ulipolisema lile neno alikuwa nyuma ya mlango, ameshika chai yako. Aliimwaga kwenye maua, akarudi kibandani.

Ameniomba nisikuambie. "Mwache mtoto aende na moyo mwepesi," alisema. Mchana huu ameniuliza naandika nini, nikamwambia namwandikia Atu namna ya kupika makande. Ni uongo wa mwisho ninaomwambia, natumaini.

Sijui mama hutoa ushauri gani mahali kama hapa. Ninalojua ni kwamba kile nilichopaswa kusema kilikuwa kidogo sana. "Nimevishona kwenye gauni." Maneno matatu. Siku ile mchana yalikuwa na uzito wa kusemwa siku mbili. Jioni yalikuwa yameshapita uwezo wangu. Huko kazini utashika silaha pamoja na watu, na kuna siku utakuwa umefanya kitu kidogo cha kijinga ambacho hakionekani kwa nje. Mwambie mwenzako kabla hajainuka kwenda. Akutukane. Akuite jina lolote. Nisingekuandikia hata hili kama nisingejua lilivyo.

Na vifungo, mwanangu, havina kosa. Nawe huna. Uliomba kitu kinachong'aa, mtoto yeyote angeomba. Nimekaa mwaka hadi mwaka nikifikiri nakuficha ili usijibebeshe hilo, na badala yake nimekubebesha chuki ambayo si yako na haimhusu unayempelekea. Kama kuna sehemu ya barua hii utaichana, usichane hapa.

Sikuombi umpende Lameki. Sikuombi hata umwite baba. Mwite fundi kama ulivyozoea, ndiyo kazi yake na anaipenda. Kesho hatakuja stendi. Nitakusindikiza mimi, nitakubebea begi lenye zipu mbovu, na hatutazungumzia haya, kwa sababu barua itakuwa ndani ya mfuko wa sare zako na utaikuta ukishafika. Nimeogopa kukuambia usoni. Unaona, hata sasa bado naogopa, sijapona.

Kwa hiyo ukiisoma usinipigie simu. Kwenye simu nitakukatisha, nitaanza kukuuliza umekula nini. Zima, tembea, kaa nayo. Ukitaka kumwambia baba mdogo Zakayo, mwambie. Nitakuwa tayari akija. Kabla mwezi huu haujaisha nitapanda gari kuja Rujewa. Nitakuja peke yangu. Unitafutie mahali pa kukaa, hata chini ya mti wa kambini kwenu, na lile neno ulilomwambia yeye kupitia kwangu, uniambie mimi mwenyewe, lote, kwa sauti unayotaka. Nitakaa mpaka umalize.